Katibu Mmoja wa Kaunti ya Magharo

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Nina kesi hapa ambayo haijapata hakimu, na gavana mzima ilimtoa jasho.

Katika Kaunti ya Magharo palikuwa na watu watatu. Malemba alijua kukutanisha watu; hata mahasimu aliwakalisha benchi moja. Mshai alijua kusikiliza. Kumi wakipayuka pamoja, yeye huandika walichokubaliana. Na Mzee Mwadime alizijua njia za barua, kwani alitunza masjala ya halmashauri ya zamani miaka ishirini na saba.

Wote walikuwa wa muda tu katika ofisi ya Gavana Wakesho, na ofisi yenyewe ilikuwa changa. Zamani uamuzi ulitoka mji mkuu, ukateremka kwa mkuu wa mkoa, kisha wa wilaya, ukifika kijijini umechoka hoi. Katiba mpya ikaleta kaunti, watu wakapiga kura, na Wakesho, aliyekuwa mwalimu mkuu, akajikuta gavana ndani ya ghala la mbegu lililogeuzwa ofisi. Alikuwa na kiti na mawaziri kumi. Katibu hakuwa naye.

Wiki ya tatu kipindupindu kikaingia kijiji cha Kisimani. Siku mbili, maiti wanne. Wakesho hakukalika wala hakusimamika.

"Nitoe amri mwenyewe!" akasema.

"Mama Gavana, peke yako hutaweza," akajibu Malemba. "Baraza la mawaziri likae kwanza."

Baraza lenyewe halikaliki, kila waziri ana udhuru wake. Malemba akapiga simu kumi, akamwambia kila mmoja kwamba leo yanagawiwa magari ya kazi. Saa nne kamili wote walikuwa vitini. Kwenye karatasi, Kisimani ilikuwa ajenda ya kwanza.

"Umetudanganya!" akafoka waziri wa barabara.

"Magari yapo, mheshimiwa. Tazama chini kabisa."

Wakabishana saa tatu nzima: nani alaumiwe, maboza, yale malori ya maji, ni ya idara gani, nani hakuamkiwa mlangoni. Mwisho hakuna aliyejua wameamua nini. Ndipo Mshai akasimama na kusoma: "Kisima kifungwe leo. Maboza matatu ya maji yafike Kisimani kabla ya magharibi." Wakatazamana, wakatia saini. Lakini hayo maneno "kabla ya magharibi" hakuna aliyeyatamka. Mshai aliyaongeza mwenyewe, maana alimwona gavana anavyoitazama saa.

Mzee Mwadime akaandika barua ya kupeleka uamuzi huo kwenye yadi ya maboza, akamkabidhi tarishi. Saa kumi ikagonga na maboza hayajatikisika. Wakesho aliizunguka meza mpaka kizunguzungu kikamshika.

"Mzee, barua iko wapi?"

Mwadime akafungua daftari la barua, akashika kichwa. Mkono ulikuwa umeandika kwa mazoea: *Kupitia kwa Mkuu wa Wilaya*. Tarishi naye akaipeleka huko huko, kwenye ofisi iliyofungwa tangu kaunti zianze, akaisukuma chini ya mlango.

Mzee hakutuma mtu. Alipanda bodaboda na suti yake, akamfuata mlinzi mwenye ufunguo hadi shambani kwake, mahali ambapo hakuna mwingine ofisini aliyepajua. Akaitoa barua, akaifikisha yadi kwa mkono wake. Jua likizama, maboza yaliingia Kisimani. Tangu siku hiyo hakufa mtu tena pale.

Mwezi mmoja baadaye bodi ya utumishi ikamletea Wakesho majina hayo matatu, ateue mmoja awe katibu wa kaunti, aanze kazi papo hapo huku akisubiri bunge la kaunti limpitishe. Mikataba ya wengine wawili ingekwisha siku hiyo hiyo adhuhuri. Na sheria ilitaka nini? Katibu apange shughuli za baraza, aandike kumbukumbu zake, afikishe maamuzi yake. Kazi tatu kwa mtu mmoja! Wakesho akaketi, akainuka, akaketi tena. Nje ya mlango aliwasikia.

"Bila kikao changu ungeandika nini?" alisema Malemba.

"Na bila maandishi yangu, mzee angebeba nini?" akajibu Mshai.

"Mngekaa, mngeandika," akasema Mwadime, "halafu watu wa Kisimani wangekunywa karatasi?"

Wakacheka wote watatu, na kicheko hicho kilimuuma Wakesho kuliko ugomvi. Aliwapenda. Aliwaogopa pia. Aliyewadanganya mawaziri leo, kesho hatamdanganya yeye? Aliyeongeza neno jema, hataongeza baya? Na mkono uliozoea njia ya zamani, utaisahau lini?

Saa sita kasoro dakika kumi, simu ikalia. Ni muuguzi wa zahanati ya Mwarungu, kijiji jirani.

"Mama Gavana, wameletwa wagonjwa wawili. Wanaharisha maji matupu. Mtatuletea msaada lini?"

Wakesho akaishika kalamu. Fomu ilikuwa na mstari mmoja tu, na atakayeandikwa hapo ndiye atakayeliita baraza, aandike, na afikishe, peke yake, leo hii.

Haya, nanyi mmesikia yote. Muuguzi bado yuko kwenye simu. Kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?