Mkono wa Songoro Mbele ya Kamera

Hapo zamani, na msiniulize mwaka, maana kuna watu hapa wakishajua mwaka watataka na majina ya ukoo, palikuwa na baraza la bao Ujiji, nyumbani kwa Bwana Shomvi. Baraza lilikuwa na ubao mmoja wa mninga, uliochongwa na marehemu baba yake Songoro. Kabla hajafa, mzee aliusia: "Ubao nawaachia ninyi. Mwanangu asipewe kwa kuwa ni mwanangu. Siku moja mpeni mtu aliyeutendea haki."

Songoro aliutaka ubao ule kuliko kitu kingine chochote cha baba yake. Akacheza miaka saba, akawafunga wote. Wakampa? Hawakumpa. Walikuwa wanautazama mkono wake.

Mkono wa Songoro ukichota kete, macho yanabaki nyuma. Moja shimo hili, moja shimo lile, ukipepesa ameshakula. "Kuna shimo anadondosha mbili," watu wakanong'ona. Na ukidondosha mbili pahali pa moja, kete ya mwisho inafika unapotaka wewe. Kuhesabu hakusaidii, zilikuwa sitini na nne, zitabaki sitini na nne. Tena kwa desturi ya baraza mkono unaotembea hausimamishwi. Kumwambia mtu arudie ni kumwita mwizi.

Basi watatu wakajifungia kushauriana. Shomvi, mwenye nyumba. Bi Tatu, mpiga picha wa harusi. Na Kilozi, fundi saa, ambaye Songoro alikuwa amemfunga mara nyingi kuliko wote.

Wakajaribu simu. Simu ikatoa ukungu, mkono haupo. "Hapa inatakiwa kamera inayopiga picha nyingi mno kwa sekunde moja," Bi Tatu akasema. "Halafu tuutazame mkono polepole."

Akaenda dukani mjini. Kamera ya kwanza ilikuwa nzuri, ila kwa bei yake ungejenga nyumba. Ya pili ilikuwa rahisi, kasha jipya, limeandikwa picha elfu kwa sekunde.

"Chukua hii, mama," muuzaji akasema.

"Kwanza niwashie feni," Bi Tatu akajibu.

Akaipiga picha feni ikizunguka, akatazama. Ukungu mtupu. Picha moja ilikuwa imerudiwa mara nne ili zionekane nyingi. "Kasha lako linasema uongo, mwanangu," akamwambia, na muuzaji akanuna. Ya tatu ilikuwa kuukuu, imechubuka, na picha yake ndogo. Akaipiga picha feni tena. Panga la kwanza, panga la pili, panga la tatu, kila moja limesimama peke yake. "Udogo wa picha nitauvumilia," akasema. "Nataka kuona vidole tu." Akainunua hiyo, kwa akiba yake mwenyewe.

Lakini kamera ya namna hiyo inataka mwanga mwingi, na barazani ni kivuli. Wakawasha taa ya umeme, video ikawa inawaka na kuzimika. Likabaki jua. Shomvi akapanda juu ya baraza lake, akang'oa bati mbili, na mvua ziko karibu. Mkewe alipomuuliza, akasema zimetoboka. Mvua ya kwanza ikamlowanishia magunia mawili ya mahindi.

Siku ya mchezo Songoro akafika, akatazama jua linalopita paani, akatazama kamera.

"Ni ya kumbukumbu tu," Bi Tatu akasema.

"Bi Tatu, mimi si mtoto. Najua mnatafuta nini. Pigeni." Akakaa, akacheza na Kilozi, akamfunga.

Kilozi akaichukua kamera kwake, maana ndiye mwenye macho ya kazi ndogo ndogo. Dakika moja ya mchezo, nusu saa ya kutazama. Siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Siku ya nne akaja barazani uso umemshuka.

"Nimeutazama mkono wa Songoro shimo kwa shimo," akasema. "Kete moja, kete moja, kete moja. Hana kosa. Aliyedondosha mbili ni mimi. Mara nne. Nilidhani kamera inamtazama yeye peke yake. Miaka yote niliamini ananiibia, nikawa najirudishia vyangu."

Songoro akalia palepale, mtu mzima. "Miaka saba mnanipa mkono huku mnautazama," akasema. "Sasa nipeni ubao wa baba yangu."

Hapo ndipo maneno yalipoanza, maana kila mmoja alijiona ndiye aliyeutendea ubao haki.

"Bila jua langu mngeona nini?" Shomvi akasema. "Mimi ndiye ninayevujiwa."

"Jua lipo kila siku," Bi Tatu akasema. "Ningedanganywa na lile kasha, Songoro angekuwa mwizi mpaka kaburini."

Kilozi akasema kwa sauti ya chini: "Nilikuwa peke yangu na ile video siku tatu. Kuifuta ni kidole kimoja tu. Sikuifuta."

"Kwa sababu ulijua nina nakala," Bi Tatu akamkata.

"Sikujua."

"Uliniona nikiihamisha."

"Wallahi sikukuona."

Nani angethibitisha? Shomvi akamgeukia Songoro. "Na wewe uliiona kamera kabla hujakaa. Nani asiyejua kucheza safi akitazamwa?"

"Basi nicheze lini, na mbele ya nani, ndipo mniamini?" Songoro akauliza.

Wakauweka ubao katikati, kila mtu anamwangalia mwenzake mikono.

Haya. Yuko aliyechagua kamera, yuko aliyeng'oa bati, yuko aliyekiri, na yuko mwenye mkono wake. Je, nani alistahili ubao ule? Na wewe uliyekaa pale pembeni, usikimbilie kusema Songoro. Ungekuwa nasi barazani miaka ile saba, wewe ungempa?