Dereva wa Vifaranga na Kidhibiti Mwendo

Kulikuwa na dereva mmoja, wapendwa, na mzigo wake haukuwa mahindi wala saruji. Alibeba vifaranga! Vifaranga wa siku moja, wale wa njano, mia moja katika kila boksi, maboksi sitini ndani ya gari, na njia nzima wanalia pii, pii, pii mpaka masikio yanakufa ganzi. Wafugaji mliomo humu mnajua ninachosema. Kifaranga wa siku moja hana subira na mtu. Joto likimzidi ndani ya boksi analala ubavu, na habari yake imekwisha.

Basi huyo dereva alitoka mjini alfajiri, na mawakala wa wilaya tatu walikuwa wanamsubiri kabla ya saa saba mchana. Kila boksi lilipofunguliwa mbele ya wakala, yeye alisimama pembeni roho juu, akihesabu waliolala. Maana tajiri mwenye gari alishamwita ofisini akamwambia maneno machache tu: "Safari moja nyingine ukiniulia vifaranga, funguo uniachie hapa mezani." Ana mke, ana watoto wanne, na funguo zile ndizo ugali wao. Mnaona alivyobanwa?

Sasa, gari lile lilikuwa limefungwa kidhibiti mwendo. Wasiokijua, ni kifaa kidogo cha umeme kilichounganishwa na injini. Ukifika kilomita themanini kwa saa, kinalia nti-nti-nti, na injini inakunyima. Kanyaga mafuta unavyotaka, gandamiza mpaka kiatu kiguse bati, huongezewi hata kidogo. Naona Kaka Elibariki pale nyuma anatikisa kichwa. Anakijua! Siku moja atatushuhudia amekitukana mara ngapi.

Yule dereva alikichukia kifaa kile kama ugonjwa. Kila kifaranga aliyekufa, alimhesabia kidhibiti. Na niwaulize, alikuwa na nia mbaya? Hata kidogo! Alitaka kuwaokoa vifaranga na kuwalisha wanawe. Wangapi kati yetu tumemnunia Mungu kwa ajili ya jambo jema kabisa?

Siku moja uvumilivu ukamwishia. Akaenda kwa fundi wa umeme wa magari, mtu mpole, ambaye walisali naye kanisa moja.

"Fundi, nikatie hiki kitu."

"Nikate nini, ndugu yangu?"

"Kidhibiti! Kinaniulia vifaranga. Nikikosa kazi, utawalisha wewe wanangu?"

Fundi akamtazama, akalitazama gari, akakuna kichwa. Akasema, "Niachie gari mpaka jioni."

Jioni dereva akarudi. Fundi anajifuta mikono, hamtazami usoni. "Tayari," akasema. Dereva akauliza amlipe ngapi. "Acha tu, nenda salama." Jamani! Fundi mzima anakataa malipo, na mwenzetu wala hakushtuka! Furaha ilishamziba macho.

Kesho yake barabarani, mshale ukagusa themanini. Akakaza meno akisubiri ule mlio. Kimya! Tisini. Kimya! Mia moja, mia na kumi, mia na ishirini! Akaanza kuimba pambio peke yake, anapiga makofi juu ya usukani, vifaranga nyuma wanaitikia pii, pii! Pale kwenye mia na ishirini injini ikagoma kuongeza, naye akasema, "Basi hapo ndipo pumzi yako inapoishia, mzee wangu. Inanitosha!" Basi moja la abiria likampita vuu! La pili, vuu! Akatoa kichwa dirishani akapiga kelele: "Wendawazimu! Mimi niko mia na ishirini, nyie mko ngapi? Mtaua watu!"

Ndiyo, chekeni. Lakini sikilizeni kilichofuata.

Kwa kuwa sasa alijiona ana mwendo, alijiona ana muda. Zamani hakuthubutu kusimama njiani hata kunywa maji. Sasa anaegesha chini ya kivuli, anafungua milango ya nyuma, anapangua maboksi, ya chini anayaweka juu, anaacha upepo upite katikati yao, halafu anaondoka anapiga mluzi. Akafika kwa wakala wa kwanza.

"Leo umechelewa," wakala akamwambia.

"Mizani palikuwa na foleni, bwana."

Maboksi yakafunguliwa. Wazima! Boksi la kwanza wazima, la pili wazima, na mpaka wilaya ya tatu, maboksi yote sitini, aliyelala ni mmoja. Dereva nusura ambusu wakala wa mwisho. Ikawa hivyo wiki hiyo na wiki iliyofuata, ikawa hivyo miezi miwili. Tajiri akamsifu mbele ya madereva wenzake, na yeye akawanong'oneza siri yake: "Spidi, jamani. Spidi ndiyo imeniokoa." Na kila siku alichelewa, na kila siku ilikuwa foleni ya mizani. Mkewe akamuuliza, "Baba, mbona unasema unakimbia na siku hizi unarudi jua limezama?" Akamjibu, "Mke wangu, barabara zimejaa." Mtu akishapenda jambo, huwezi kumwonyesha saa.

Ikafika Jumapili ya Matawi. Siku hiyo nayo alikuwa na mzigo, jua linawaka, mshale uko pale pale kwenye mia na ishirini, na anaingia kona moja ambayo pande zote mbili ni mahindi yamesimama marefu kuliko mtu. Akamaliza kukata kona. Mbele yake, barabara nzima, upande hadi upande, matawi!

Watu wamejaa lami! Wanatoka kanisani, wanaimba, watoto wa shule ya Jumapili mbele kabisa na matawi yao juu, na hakuna hata mmoja aliyemwona. Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Matairi yakalia, gari likayumba, maboksi yakaporomoka nyuma, moshi wa mpira ukapanda. Aliita jina la Yesu mara ngapi hajui mwenyewe. Gari likasota, likasota, likasimama. Kati ya bampa na mtoto wa kwanza zilibaki hatua mbili. Mbili, wapendwa! Tawi la yule mtoto lilikuwa linagusa taa.

 Kisha bibi mmoja aliyekuwa anawaongoza wale watoto akaja dirishani kwake, akapiga mlango kwa kiganja.

"Baba, unakimbilia nini?"

Dereva akaonyesha nyuma ya gari. "Vi... vifaranga, mama. Watakufa kwa joto."

"Vifaranga?" Bibi akageuka akawatazama wale watoto, akamgeukia tena. "Na hawa wangu je?"

 Ungekuwa wewe ungejibu nini?

Jumatano ile, kwenye ibada ya shuhuda, dereva alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Akasimama pale mbele akaeleza kona, akaeleza mahindi, akaeleza matawi. "Wapendwa, nilikuwa mia na ishirini! Mia na ishirini, na Bwana akalisimamisha gari hatua mbili!" Kanisa likalipuka! Makofi, vigelegele, mpiga kinanda akaongeza sauti, akina mama wakacheza mpaka mbele ya madhabahu. Na mtu mmoja tu hakupiga makofi. Fundi. Amekaa kiti cha mwisho, ameinamisha kichwa.

Ibada ilipokwisha akamvuta dereva mpaka lilipo gari.

"Ndugu yangu, sikuwa na amani humo ndani. Hukuwa mia na ishirini."

"Mshale niliuona kwa macho yangu!"

"Mshale niliudanganya mimi. Kidhibiti sikukikata. Nilizima ule mlio tu, halafu nikaweka kikasha nyuma ya dashibodi kinachoutuma mshale usome zaidi. Siku zote hizi hujawahi kuvuka themanini. Na Jumapili ile injini haikukupa hata moja juu ya themanini. Ungekuwa mia na ishirini kweli, usingesimama kabla ya wale watoto. Ungesimama umeshawapitia."

Mnadhani dereva alianguka magotini akashukuru? Aa, wapi! Alipandwa na hasira!

"Umenifanya mtoto mdogo! Miezi miwili nachekwa na mabasi!"

"Nimekukosea," fundi akasema. "Ilinipasa nikukatalie mchana kweupe. Niliogopa ungekwenda kwa mwingine, naye angekata kweli. Nisamehe."

Naona wengine mnataka kunifungulia kesi ya fundi. Uongo ni uongo, sitausifia hapa madhabahuni, na yeye mwenyewe aliomba msamaha. Mtazameni dereva!

"Na vifaranga?" akauliza. "Kama si spidi, nani aliwaokoa?"

"Wewe mwenyewe hukuniambia siku hizi unasimama kuwapa upepo? Si ndiyo hiyo?"

 Lakini kiburi cha mtu, jamani, kina mizizi mirefu. Akasema, "Haya. Nikatie sasa."

Mnaguna? Mtu ametoka kuona tawi la mtoto kwenye taa yake, bado anasema nikatie! Na mimi nawaambia msigune sana, maana maombi yetu mengine mimi huyasikia.

Fundi hakubishana naye tena. Akachukua plaizi na tochi, akampa. "Mkono wangu haukati. Ukiinama chini ya usukani utaona nyaya mbili nilizozifunga utepe. Mweusi ni wa kidhibiti, mwekundu ni wa kile kikasha kinachodanganya mshale. Kata unaotaka." Akaondoka zake.

Dereva akalala chali chini ya usukani, tochi mdomoni. Akaupata ule mweusi, akauweka katikati ya meno ya plaizi. Kubana tu! Mkono ukakataa. Si kwamba alisikia sauti kutoka mbinguni. Alimsikia yule bibi. Na hawa wangu je? Na hawa wangu je? Jasho likamtiririka mpaka masikioni. Akatoa plaizi, akasogea, akakata mwekundu.

Kata! Uongo ukafa pale pale. Alipoendesha kurudi nyumbani akakanyaga mpaka mwisho, na mshale ukapanda mpaka themanini ukatulia. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili mtu huyu alijua mwendo wake.

Jumatano iliyofuata akanyoosha mkono tena. Akasimama pale pale mbele. "Wapendwa, wiki jana niliwadanganya bila kujua. Sikuwa mia na ishirini. Nilikuwa themanini. Kidhibiti nilichotaka kikatwe ndicho kilichonishika, na ndiyo maana wale watoto wapo." Akasubiri.

Mnajua kanisa lilifanya nini? Halikufanya kitu! Kinanda kimya. Mama mmoja akakohoa. Mwenyekiti wa ibada akasema, "Asante, anayefuata." Hakuna aliyepiga hata kofi moja.

Na kanisa lile ni sisi! Sisi hapa! Tunajua kumpigia Mungu makofi kwa ajili ya breki. Breki zina kelele, zina moshi, zina hatua mbili, ushuhuda wake ni mtamu. Lakini kidhibiti nani anakipigia makofi? Ile hapana aliyokupa Mungu miaka kumi mfululizo, ukamnunia, ukazunguka kwa mafundi mmoja baada ya mwingine kutafuta wa kukukatia, hiyo umewahi kuishuhudia? Nani hapa amewahi kusimama akasema, Bwana asifiwe, kuna mahali nilitaka sana kufika na sikupewa?

Maana kona yako yenye mahindi marefu huijui. Hata mimi yangu siijui. Na waliotembea upande wa pili wa kona hiyo na matawi yao, wanao, wadogo zako, majirani zako, hawatajua kamwe kwamba siku fulani uliomba kitu ukanyimwa, na kwa kunyimwa kule wao wakafika nyumbani wakala chakula cha mchana.

Kwa hiyo leo sitaki ushuhuda wa breki. Simameni! Simameni wote, hata wewe Kaka Elibariki. Kila mmoja aikumbuke hapana moja, ile iliyomuuma kuliko zote. Umeipata? Mpiga kinanda, weka tayari. Sasa hiyo, hiyo hiyo iliyokuliza, ipigie makofi!