Vigae Vyekundu vya Shemweta

Ukipenda kigae, iulize kenchi. Mmeisikia kwa mama yenu alipokuwa akimkanya kaka yenu, mkacheka, sasa mnataka kujua imetoka wapi. Basi kaeni vizuri. Methali hii ilianza hivi.

Huko milimani Lushoto alikuwapo kijana akiitwa Shemweta, mchapakazi kwelikweli, ila kwa kupenda makuu hakuwa na mfano. Alikuwa amemposa Mwanaidi, na wakwe wakampa sharti moja tu: binti yao haingii nyumba isiyo na paa. Shemweta akajenga kwa mikono yake mwenyewe. Kuta ziliposimama, akapandisha juu kenchi, ile miti ya kubeba paa, akitumia mikaratusi myembamba, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Harusi ilikuwa wiki inayofuata.

Ikabaki kuchagua vigae. Kwenye tanuri vilikuwapo vya aina mbili: vidogo vyepesi, rangi ya chai ya maziwa, na vikubwa vinene, vyekundu hata unatamani kuvila. Akachukua vichache vya kila aina, akavipanga uani, akawa anavizunguka kama mtu anayechagua ng'ombe wa mahari.

Ndipo Shangazi Mwanahawa, aliyemlea Mwanaidi, alipokuja kukagua nyumba pamoja na kaka wanne wa bibi harusi.

"Nimechagua hivi vyekundu, Shangazi," Shemweta alisema kwa majivuno. "Mtu akivuka mto tu, anaiona nyumba yangu."

Shangazi akanyanyua kimoja, akaguna. "Na kenchi umeiuliza?"

"Ah, Shangazi! Nani apitaye njiani akatazama kenchi?"

Shangazi hakubishana naye. Akawageukia wale vijana. "Haya, pandeni mkae pale juu. Leo ninyi ndio vigae."

Utani wa mashemeji hauna adabu. Wakapanda wakicheka. "Shemeji, mbona hujatupaka rangi nyekundu?" mmoja wao akapaza sauti.

Wa nne alipokaa, mti ulilia kwaa! Ukapinda katikati. Kicheko kikakatika.

Shemweta hakufikiri mara mbili. Aliruka chini ya mti ule, akautia bega. "Shukeni! Shukeni, nimewashika!" Wala hakutoka pale mpaka shemeji wa mwisho alipokanyaga ardhi.

Kisha akainamisha kichwa. Aibu ilimjaa. Alijua harusi imekwenda na maji, maana nani angemtoa binti yake aende kulala chini ya miti ile?

"Kenchi imejibu," Shangazi akasema. "Mizigo mizito haiiwezi. Na wewe nawe umejibu, bila hata kuulizwa. Tulikuja kutazama paa, mwanangu, tumeona bega. Kachukue vile vyepesi, na hawa vigae wangu watakusaidia kuongeza miti."

Shemweta akacheka huku machozi yakimtoka. Wakakata miti, wakaongeza kenchi, wakaezeka, na siku ile ile iliyopangwa Mwanaidi akaingia kwake kwa vigelegele.

Tangu hapo, kijana wa kule akitamani jambo, wenzake hawamwambii aliache. Humshika tu bega, wakalibonyeza kidogo, wakamwambia: ukipenda kigae, iulize kenchi.