Nguchiro na Gunia la Buni

Hapo zamani za kale, enzi hizo nungunungu bado anaazima sindano kwa jirani, wanyama walikuwa na nyumba zao juu ya kilima kimoja, na kilima chenyewe kilikuwa cha walevi. Si walevi wa pombe. Walevi wa kahawa.

Msicheke. Jogoo akishawika, kila jiko linafuka moshi na kila mmoja anatafuta kikombe chake. Asiyekunywa, ikifika saa tatu kichwa kinamgonga, ngo! ngo! ngo! Anagombana hata na kivuli chake.

Sasa masika yakija, mto unajaa na kukizunguka kilima pande zote. Hatoki mtu, haingii mtu, mwezi mzima. Mwaka mmoja kahawa iliisha siku ya tano. Siku ya sita Jumbe Nyati, mkubwa wa kilima, aliupiga pembe mlango wa nyumba yake mwenyewe, eti umemtazama vibaya.

Ndipo mwaka uliofuata, kabla ya mvua, akaitisha mkutano.

"Mwaka huu tunaweka akiba," akanguruma. "Kila nyumba ilete kahawa yake yote kwenye ghala langu. Yote! Tutaitwanga kabisa, iwe tayari. Atakayeficha hata konzi moja, atatoka juu ya kilima akakae kule chini na maji."

Wote wakaitikia, "Ndiyo, Jumbe!"

Nguchiro hakuitikia. Nguchiro alikuwa mjane, mdogo kuliko ukwato wa Nyati, na nyuma ya nyumba yake alikuwa na mibuni sita aliyoipanda kwa mikono yake. Alichuma mwenyewe, akaanika mwenyewe, akakoboa mwenyewe. Na alikuwa ameshahesabu: konzi moja kila asubuhi, mpaka mto ushuke. Akamnong'oneza jirani yake, Bi Pimbi:

"Ghala lile mlango wake ni mmoja mbele. Nyuma kuna koo la Jumbe."

"Hee! Shoga, utatuponza."

"Basi tafuna kashata yako unyamaze."

Kahawa yote iliyokuwa imekaangwa nyumbani kwake, Nguchiro akaipeleka ghalani. Hakubakisha hata ukoko wa kikaangoni. Lakini gunia lake la buni, yaani kahawa mbichi isiyoona moto bado, akaliacha palepale nyuma ya mlango. Hata kulifunika hakulifunika.

Siku ya pili akaja Ngiri, mpwa wa Jumbe, kupekua nyumba. Huyo pua yake ilikuwa na sifa mpaka ng'ambo ya mto.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu. Pangusa miguu."

Ngiri akaingia pua mbele. Mf! Mf! Mf! Akanusa chungu. Akanusa kitanda. Akanusa kapu la nguo chafu, akapiga chafya, chwaa!

Nguchiro na Bi Pimbi walikuwa wamekaa mkekani wanacheza bao. Na kete zao, jamani, zilikuwa buni zile zile.

"Shangazi, hili gunia la nini?"

"Wewe ndiye mwenye pua, baba. Mimi nikwambie nini?"

Ngiri akatumbukiza pua ndani. Mfff! Akaitoa.

"Mmh. Inanuka kama nyasi kavu. Si kahawa hii."

"Wewe umesema."

"Kahawa ni nyeusi, shangazi. Inanukia. Hizi zina rangi ya maji ya bwawa."

"Ndivyo ulivyofundishwa na mama yako?"

"Mama? Mimi jikoni siingii. Mimi naletewa."

Bi Pimbi akashika mdomo kwa mikono miwili, mabega yakawa yanatikisika peke yake.

"Jirani ana kikohozi," akasema Nguchiro. "Kaa basi, mwanangu, tucheze kidogo. Kiti sina, kalia hilo gunia."

Ngiri akajibwaga juu ya gunia, pwaa! Akacheza bao na kahawa mkononi, kahawa chini ya makalio, naye anatafuta kahawa. Nguchiro akamwachia ashinde mara tatu, maana anayeshinda hapekui tena. Ngiri akatoka kifua mbele, akaenda kutangaza:

"Kwa Nguchiro hakuna kitu! Masikini yule ni wa kuhurumiwa."

Mvua ikaanza. Shaa! Shaa! Mto ukajaa, kilima kikafungwa.

Kule ghalani wakubwa walikuwa wametwanga kahawa yote siku moja, wakaimimina kwenye matenga yaliyo wazi. Siku za kwanza ilikuwa sherehe. Jumbe kikombe cha kwanza, cha pili, cha saba. Ngiri mpaka cha tano, kwa sababu ya kazi nzito ya kunusa. Wadogo walipimiwa kikombe kimoja, kisha nusu, kisha maji yaliyosuuza dele, birika la kahawa. Halafu unyevunyevu ukaingia kwenye matenga. Ile iliyobaki ikafanya ukungu, ukiichemsha unakunywa vumbi la mbao.

Siku ya kumi na mbili kilima kizima kilikuwa kimefunga kichwa kwa kitambaa.

Nguchiro naye kilimgonga. Siku zote hizo hakukaanga, akiogopa harufu; sasa akashindwa kuvumilia. Akainuka, akawasha jiko, akamimina konzi moja kikaangoni. Akakoroga polepole. Zikageuka manjano, zikageuka hudhurungi, kisha pa! pa! pa! zikaanza kupasuka. Ile harufu, jamani! Ikatoka dirishani, ikapita juu ya paa la Bi Pimbi, ikapanda hadi kwa Jumbe ikamvuta kwa pua kama ng'ombe wa mnada.

"KAHAWA!"

Wakaja wote mbio, kishindo mpaka vyungu vikacheza. Ngiri mbele.

"Shangazi! Umeficha!"

"Nimeficha wapi, baba? Ulikuwa umeikalia."

Bi Pimbi akashindwa kujizuia, kwa kwa kwa! Na kilima kizima kikamfuata, vichwa vinauma na bado wanacheka. Ngiri akatazama kwato zake.

Jumbe hakucheka. Mkubwa hapendi kuchekwa, hata kama anayechekwa ni mpwa wake.

"Nilisema nini mkutanoni? Toka! Nenda chini kwenye maji. Na gunia ni langu."

Nguchiro akaona mchezo umegeuka. Huko chini maji yalikuwa yanapanda, na yeye kuogelea hajui. Lakini hakulia mbele yao. Akajitwika kikaango chake kichwani.

"Sawa, Jumbe. Gunia lote hilo, lako. Kunyweni."

Akashuka kwenye matope, akapanda juu ya jiwe moja ukingoni, akakaa. Maji yalikuwa yanalamba jiwe chini. Chwa. Chwa.

Huku juu wakaanza kupika. Ngiri akamimina buni mbichi vilevile kwenye chungu, akachemsha mpaka adhuhuri. Yakatoka maji ya kijani, kama ya kuoshea mlenda. Jumbe akapiga funda moja. Ptuu!

"Nini hii?"

"Labda moto ulikuwa mdogo, mjomba."

Basi akamwaga konzi kumi ndani ya moto wenyewe. Zikashika moto, zikawa makaa, wakasaga makaa, wakanywa makaa. Jumbe akatoka nje mdomo mweusi, macho mekundu, kichwa ngo! ngo! ngo!

"Nani anayejua kazi hii?" akauliza.

Wakatazamana. Wake zao walikuwa wanajua, tena vizuri sana. Lakini nao walikunywa maji yaliyosuuza dele siku tano, basi wakatazama mawingu.

Chini kule maji yalikuwa yamefika kwenye vidole vya Nguchiro. Akavuta mguu mmoja, akavuta wa pili, akawa amesimama ndani ya kikaango chake. Akawaza, "Nikifa leo, nimekufa bila hata kikombe. Upuuzi ulioje."

Mara akasikia matope yanalia, bwata! bwata! bwata! Jumbe Nyati mwenyewe.

"Bi Nguchiro."

"Labeka, Jumbe."

"Hujambo?"

"Sijambo, naoga tu."

Nyati akakohoa. "Kahawa yako imekataa."

"Imekataa? Mimi nilidhani inasikia amri."

"Usinichokoze, mama. Kichwa kinapasuka. Unataka nini?"

"Nataka mwakani kila nyumba ikae na buni zake, mbichi, nyuma ya mlango wake. Mbichi haiharibiki, hata mwaka inakaa. Kila mtu akaange ya kunywa siku hiyo tu."

"Na ghala langu?"

"Weka mahindi. Hata hayo, mwombe mkeo akuelekeze."

Nyati akatazama mto, akatazama kilima. Hakuna aliyekuwa karibu wa kumsikia. Mkubwa akiwa peke yake huwa na akili kidogo.

"Haya. Nimekubali."

"Na nitapandaje? Matope haya yananifika shingoni."

Jumbe akainamisha kichwa, pembe zikagusa maji. Nguchiro akapanda na kikaango chake, akakaa katikati ya pembe kama bibi harusi. Wakapanda kilima hivyo, watu wote wanaona.

Nyumbani akakaanga. Pa! pa! pa! Akazimimina kwenye kinu, akatafuta wa kutwanga. Mikono yake ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi.

"Jumbe, mchi ule pale."

"Mimi?"

"Kichwa kinamuuma nani?"

Nyati akaushika mchi. Twa! Twa! Twa! Mwanzo kahawa ikaruka mpaka darini.

"Polepole, baba. Hupigani nayo."

Twa. Twa. Twa. Ikawa laini. Nguchiro akachemsha, akatia tangawizi, akaacha itulie. Akamimina kikombe cha kwanza, akakipuliza, akanywa yeye. Akafumba macho. Jumbe amesimama, jasho linamtiririka, mchi mkononi, anameza mate.

"Sasa," akasema Nguchiro, "leteni vikombe vyenu."

Wakanywa wote, hata Ngiri, naye alipewa cha mwisho baada ya kuokota punje zote zilizorukia darini. Mto ulishuka baada ya siku kumi na nane, na hakuna kichwa kilichofungwa kitambaa tena.

Hadithi imekunywa, kikombe kimekauka, nami nawaambia: asiyeijua mbichi, msimpe ghala la mbivu.