Ufa Juu ya Kisima

Mwenyeji huona jiwe, mgeni huona ufa.

Mchunga ngamia mmoja alisema maneno hayo asubuhi kwenye kibanda cha chai cha Bi Talaso, akalipa, akaenda zake. Vijana waliobaki wakamgeukia bibi huyo.

"Bibi, msemo huu mbona hatuusikii kwingine? Umetoka wapi?"

Bi Talaso alikuwa akikaanga buni za kutafuna katika samli. Alingoja zipasuke, akaepua chungu, akajifuta mikono kwa upande wa leso.

"Umetoka papa hapa Dima," alisema, "na aliyesababisha usemwe hakuwa mtu wa hapa. Kaeni basi niwaeleze ulivyozaliwa."

Wakati huo barabara ya lami ilikuwa bado kufika. Dima kilikuwa kijiji cha wafugaji katikati ya nchi kame, nchi ambayo mtoto akizaliwa siku ya mvua huitwa Roba ili watu waikumbuke siku hiyo. Upande wa kaskazini yalisimama magenge mekundu, mengine marefu na membamba kama watu waliosimama kungoja habari, mengine mapana yenye mistari myeupe iliyopita toka mwanzo hadi mwisho. Chini ya genge kubwa kuliko yote palikuwa na kisima cha ukoo. Kilikuwa kirefu, chenye vidato vya mawe, na watu walijipanga humo mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo za ngozi huku wakiimba, mpaka maji yafike juu kwenye hori. Bila kisima hicho Dima isingekuwapo.

Mtu aliyepanga zamu za kunywesha mifugo aliitwa Elema Wario. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye maneno machache na macho mengi. Akikuta unyayo asioujua karibu na kisima, aliufuata mpaka amjue mwenyewe. Watu walimheshimu kwa hilo, na wengine walimwogopa.

Na haikuwa bure. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Miaka michache nyuma walikuja wanaume wawili wakasema wanapenda mandhari. Wakakaribishwa, wakachinjiwa mbuzi, wakatembezwa kila pembe. Walipoondoka yakaja malori, yakachimba mawe ya rangi katika bonde la mashariki, yakaacha mashimo ambamo mifugo ilivunjika miguu. Tangu hapo neno mandhari lilikuwa karibu na tusi.

Basi siku moja lori la mbuzi likamshusha mwanamke mtu mzima, amevaa buibui lililogeuka rangi kwa vumbi, ana mkoba mmoja na darubini shingoni. Jina lake Mwanajaha binti Shee, mtu wa kisiwa cha Pate. Akapelekwa kwa wazee.

"Umefuata nini huku, mama?" aliuliza Mzee Dabaso, mkubwa wa ukoo.

"Nimekuja kuyaona magenge."

"Kisha?"

"Kisha nirudi kwetu."

Wazee wakatazamana. Jibu fupi namna ile, waliona, lazima lina kitu nyuma yake. Wakampa chai, wakampa pa kulala, na wakampa Elema awe mwenyeji wake. Mzee Dabaso alimvuta Elema kando. "Mtembeze kote atakako," alisema, "isipokuwa genge la kisima. Na usimwache nje ya macho yako."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Elema alitembea nyuma ya mgeni hatua chache, kama mtu anayeswaga ng'ombe asiye wake. Mama yule hakuwa na haraka. Aliweza kukaa mbele ya jiwe moja mpaka kivuli kihame. Aliokota vijiwe, akavilowesha kwa mate, akavigeuza juani, kisha akavirudisha palepale alipovitoa. Elema alimngoja atangulie, akarudi, akakiokota kijiwe kilekile, akakilowesha na yeye, akakigeuza. Kilikuwa kijiwe tu. Jambo hilo likamzidishia wasiwasi, kwa sababu mwizi anayechukua kitu unajua alichotaka. Huyu asiyechukua je?

"Baba, hebu simama hapa," mama alimwambia jioni moja, jua likielekea kutua. "Tazama pale yalipogawanyika. Yamekuwa kama makaa yaliyopulizwa."

Elema akasimama alipoambiwa. Aliona magenge, na magenge alikuwa akiyaona tangu amebebwa mgongoni. Ni kweli yalikuwa mekundu kuliko mchana. Aligundua kwamba alikuwa ameyatazama muda mrefu kidogo kuliko alivyokusudia, akageuza uso upesi, akidhani labda hiyo ndiyo ilikuwa hila yenyewe.

Kisha mama akainua darubini, akailekeza upande wa kisima.

"Ule mstari mweusi kwenye paji la genge lile kubwa," alisema, "ulikuwapo siku zote?"

Hili ndilo Elema alilokuwa akilingoja.

"Huko hatuendi, mama."

"Sikuuliza njia, baba. Nimeuliza mstari."

"Huko hatuendi."

Kesho yake kukatokea ugomvi wa zamu kisimani, Elema akaitwa akaamue. Alimwacha mgeni kwa wanawake waliokuwa wakisuka mikeka, lakini aliporudi mgeni hakuwapo. Wanawake walisema amekwenda kunyoosha miguu. Elema hakuuliza zaidi, akafuata alama za makubazi yake mchangani. Zilipita nyuma ya maboma, zikashika njia ya mbuzi, zikapanda moja kwa moja juu ya genge la kisima.

Akamkuta amepiga magoti kwenye ukingo. Mbele yake jiwe lilikuwa limepasuka, ufa mrefu mweusi, na mama alikuwa akigongomea humo kibanzi cha kuni kwa jiwe.

Elema akamshika mkono, akamwinua kwa nguvu.

"Ndiyo haya uliyokuja kuyafanya! Unatia nini juu ya maji yetu?"

"Niache, unaniumiza."

"Nimekuuliza, unatia nini?"

"Kuni! Si unaiona mwenyewe? Sikiliza, baba. Nimeutazama ufa huu toka ng'ambo, na leo ni mpana kuliko jana. Nimetia kibanzi kikaze. Kikilegea, ujue genge linafunguka. Nyumba yetu ya mawe kule Pate ilianza hivihivi. Tulidhani ni mstari wa chokaa, mpaka ukuta ukamlalia mjomba wangu."

"Jiwe hili liko hapa tangu babu zetu."

"Na ufa je? Babu zenu waliuacha?"

Elema aliinama kwenye ufa. Alikishika kile kibanzi ili akitoe, kwa kuwa alikiona kama hirizi. Akavuta. Akavuta tena, mguu mmoja ameukanyaga kwenye jiwe. Hakikutoka. Kilikuwa kimebanwa kama jino. Basi akakiacha, akamteremsha mama mpaka kwa wazee.

Baraza halikuchukua muda. Mwanamke aliyekatazwa genge la kisima amekutwa juu yake, akiingiza vitu katika ufa. Wengine walisema ni uchawi. Wengine walisema anaweka alama kwa ajili ya malori. Mama Mwanajaha alieleza mara moja, na alipoona hakuna aliyekuwa akimsikiliza akanyamaza. Mzee Dabaso akaamuru afungiwe nyumbani mpaka lori lipite, aondoke nalo. Elema naye, kabla jua halijatua, alikwenda akaifagia kwa matawi njia yote ya kupanda genge. Iwapo mgeni alikuwa na mwenzake mafichoni, unyayo wake ungemfichua.

Kulipokucha akaenda kutazama. Mchanga ulikuwa laini, haujakanyagwa na mtu wala mnyama. Akaridhika. Akapanda juu, amebeba shoka la kukikatia kile kibanzi.

Kibanzi hakikuwapo. Alichungulia, akakiona chini ndani ya ufa, kimelala kama kitu kilichodondoshwa. Jana alikuwa amekivuta kwa mguu na mikono kisitoke. Elema akapitisha mkono ndani ya ufa. Ukaingia mpaka begani. Akageuka kuutazama ule mchanga aliouacha nyuma, ulio na nyayo zake peke yake. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mtu wa kumshuku. Mbele yake palikuwa na jiwe tu. Kijiwe kimoja kikamponyoka chini ya kiganja, kikaanguka ndani, na akasikia kikigonga, kikigonga, mbali huko chini.

Na huko chini walikuwa wakiimba. Zamu ya asubuhi ilikuwa imeanza.

Elema alishuka akianguka na kuinuka. Hori lilikuwa limezungukwa na ngamia, na kisimani watu walikuwa wamejipanga, dada yake Darmi akiwa chini kabisa, maji yamemfika magotini.

"Tokeni! Genge linaanguka! Tokeni!"

Wimbo ukasita. Watu wakainua macho, wakaliona genge limesimama vilevile.

"Nani amekwambia?" mmoja akauliza. "Yule mama?"

"Nimeona mwenyewe!"

"Amekwisha kumroga," mwingine akasema, na baadhi wakacheka. Ndoo zikaanza kupokezanwa tena.

Elema akatazama huku na huku kama mtu aliyekabwa. Kisha akaenda horini, akamshika ngamia jike wa Mzee Dabaso, yule aliyetangulia kundi lote, mwenye kengele ya mti shingoni. Akamvuta hatamu, akakimbia naye kuelekea uwandani. Kengele ikalia. Ngamia wengine wakainua shingo majini, wakamfuata kiongozi wao.

"Elema anaiba ngamia!"

Hapo ndipo kisima kilipotoka watu. Kwa genge hakutoka hata mmoja, lakini kwa ngamia walipanda vidato kama siafu, wakiwa na fimbo na marungu, kila mmoja akipiga kelele kuliko mwenzake. Mzee Dabaso mwenyewe alivua viatu akakimbia. Darmi alitoka mwisho, nguo zikimwaga maji, akimlaani kaka yake kwa kuuvunjia ukoo heshima. Rungu likampata Elema begani. Akapepesuka, hakuiachia hatamu. La pili likampita sikioni. Alikuwa ameshafika kwenye miiba ya uwandani, na watu karibu wamshike, ndipo nyuma yao ukatoka mlio kama wa mbingu kukohoa.

Wote wakageuka.

Paji la genge lilikuwa limeinama. Halikuanguka mara moja. Liliinama polepole, kama mzee anayeketi, kisha likaachia. Ardhi ikatikisika. Vumbi jekundu likapanda, likafunika kisima, hori, na mbuzi wachache waliokuwa wamebaki wakilamba matope. Lilipotulia, mahali walipokuwa wakiimba palikuwa na mlima wa mawe.

Mzee Dabaso aliliangalia rungu lililokuwa mkononi mwake, akaliweka chini. Darmi alikaa mchangani akamshika kaka yake mguu, akalia.

Mzee Dabaso alikwenda nyumba alimofungiwa mgeni, akaufungua mlango kwa mkono wake. Mama Mwanajaha alikuwa amesimama, ameusikia mlio.

"Watu?" aliuliza.

"Wazima."

Akakaa kitako, akafunika uso.

"Mama," mzee akasema, "uliujuaje ule ufa? Sisi tumezaliwa chini yake."

"Sikuujua, baba. Niliutazama tu. Nyinyi mkifika pale mnatazama chini yaliko maji, na ni haki yenu. Mimi sina mifugo. Nilitazama juu."

Lori lilipita, na mama hakupanda. Kijiji kizima kilichimbua kisima kile, mawe yakibebwa kwa machela za ngozi za ngamia, na maji ya kunywa yakifuatwa mwendo wa siku nzima. Ilikuwa dhiki kubwa. Ngamia walikonda, watoto waliugua, wazee wawili walizikwa kabla maji hayajaonekana. Mama Mwanajaha alipika na kubeba mawe na wanawake mpaka kucha zikamtoka. Siku matope yalipogeuka kuwa maji, Darmi ndiye aliyesema mbele ya watu wote: "Sisi tuliona jiwe. Mgeni aliona ufa." Maneno yakachukuliwa na wachungaji, yakakatwa hapa na pale, mpaka yakawa mafupi kama mnavyoyasikia.

Bi Talaso akakoroga buni, akazigawa kwa kijiko viganjani mwa vijana.

"Na Mzee Dabaso?" kijana mmoja akauliza. "Aliacha kuwashuku wageni?"

"Aache?" Bi Talaso akacheka. "Mpaka anaingia kaburini alikuwa akimuuliza Elema, 'Hivi yule mama hasa alikuja kutafuta nini?' Hakuwahi kuamini kwamba mtu anaweza kutoka Pate kuja kutazama mawe. Mgeni akishuka kwenye lori, alimkazia macho yaleyale. Ila kilibadilika kitu kimoja. Zamani swali lake la kwanza lilikuwa, 'Umefuata nini?' Baada ya siku ile alimketisha mgeni, akampa maziwa, akasogea karibu na kumuuliza, 'Umeona nini?'"

Vijana wakatafuna buni. Mmoja wao akageuza shingo, akayatazama magenge kwa muda, kisha akasema taratibu, kama anayeyapima maneno mdomoni:

"Mwenyeji huona jiwe, mgeni huona ufa."