Pimbi Hanywi Maji

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wameshajua kuandika lakini hawajajua kunyamaza, palikuwa na jiwe kubwa lililoitwa Mwamba wa Maarifa. Mnyama yeyote aliruhusiwa kuchukua kipande cha mkaa na kuandika pale alijualo. Mwingine akiona kosa, anasahihisha. Wa tatu akiona sahihisho nalo lina kosa, analisahihisha. Hivyo Mwamba ukajaa maarifa mengi sana, na baadhi yake yalikuwa ya kweli.

Msimamizi alikuwa Mzee Tembo. Kanuni yake ilikuwa hii: jambo lolote juu ya mnyama lazima lithibitishwe na mashahidi wawili, na mwenyewe asiwe mmoja wao, maana mwenyewe ana upendeleo. Neno lisilo na mashahidi, Tembo hulifuta. Huenda kisimani, hujaza mkonga, hurudi mbele ya Mwamba, na fyaaa! Neno halipo tena.

Juu ya Mwamba huohuo, ndani ya ufa, aliishi Pimbi na mkewe na watoto wao. Pimbi ni mnyama mdogo, miguu mifupi, masikio mafupi, na mkia wa kujivunia hana. Hakuwahi kusoma yaliyoandikwa ubavuni mwa nyumba yake. Nani husoma ukuta wa nyumba yake mwenyewe?

Basi ukaja ukame. Mto ukakauka, kikabaki kisima kimoja. Wanyama wakakubaliana kwamba maji yagawiwe kwa kufuata Mwamba: kila mmoja apate kadiri Mwamba unavyosema anakunywa. Nyati akawekwa kulinda kisima, na hakuna aliyetaka kubishana na Nyati.

Asubuhi Pimbi akaenda na kibuyu chake.

"Jina?" akauliza Nyati.

"Ah, Nyati! Si jana tu tulisalimiana? Mimi Pimbi."

"Pimbi hana mgao. Mwamba unasema, 'Pimbi hanywi maji.'"

"Hee! Nani kasema?"

"Kasema Twiga. Pundamilia kathibitisha."

"Pundamilia kajuaje?"

"Kaambiwa na Twiga."

Pimbi akamkimbilia Twiga, akaita kwa sauti yote mpaka kichwa cha Twiga kikashuka kutoka mawinguni.

"Ndugu yangu, umesema mimi sinywi maji?"

"Nimesema nilichokiona," Twiga akajibu kwa upole. "Mto ulipokuwa na maji, mimi nilikwenda adhuhuri, kila siku ya Mungu. Sijakuona hata mara moja."

"Lakini mimi hunywa alfajiri!"

"Alfajiri mimi nimelala. Siwezi kuandika nisichokiona."

Pimbi akarudi nyumbani na kibuyu kitupu.

"Maji yako wapi, Baba Tunu?" akauliza mkewe.

"Imeandikwa kwamba hatunywi."

Mkewe akamtazama, kisha akamtazama Tunu, binti yao mkubwa, aliyelala ufani ulimi umekauka, hata kulia hawezi. "Na yeye ameshasoma?" akauliza.

Pimbi akaweka kibuyu chini. Akachukua mkaa, akateremka, akafuta maneno yale kwa kiganja, akaandika: *Pimbi hunywa maji. Nasema mimi, Pimbi.*

Haukupita muda, pu! pu! pu! Mzee Tembo huyo, mkonga umejaa. Akauinamisha kando ili aweze kuzungumza, asimwage hata tone.

"Nani kaandika haya?"

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Una mashahidi?"

"Nina kiu."

"Kiu si shahidi."

"Mzee, mimi ni pimbi. Baba yangu alikuwa pimbi, na babu yangu pia. Hapa duniani hakuna ajuaye mambo ya pimbi kunishinda mimi."

"Hapo ndipo penye tatizo, kijana. Uko karibu mno na jambo lenyewe."

Fyaaa! Maneno ya Pimbi yakaondoka. Tembo akaandika upya, kwa mwandiko mzuri: *Pimbi hanywi maji.*

Pimbi alikuwa amefungua kinywa aendelee kubisha, mara akasikia kitu. Maji yale ya kufutia yalikuwa yakiteremka mwambani, chururu, chururu, yakiingia katika mwanya chini ya nyumba yake. Na humo ndani kulikuwa na sauti nyingine: lap, lap, lap. Alikuwa Tunu, amejikokota hadi pale, analamba jiwe.

Pimbi akamtazama mwanawe. Akautazama mkonga wa Tembo. Akakitazama kipande cha mkaa mkononi mwake. Kisha akafunga kinywa.

"Ahsante, mzee," akasema. "Umefanya kazi safi."

Siku iliyofuata, jua halijachomoza, Pimbi alikuwa ameshaandika: *Pimbi hunywa maji, hasa alfajiri.* Tembo akaja, akafuta. Mke wa Pimbi alikuwa amepanga vibuyu mwanyani, kila kimoja mdomo wazi.

Siku ya pili yake Pimbi akaandika aya nzima. Alieleza pimbi hunywa vipi, hunywa kiasi gani, huinamisha kichwa upande gani. Yote yalikuwa kweli tupu. Tembo ilimbidi aende kisimani na kurudi, kisha aende tena.

"Unazidi kuwa mkaidi," akasema Tembo, anahema.

"Nisamehe, mzee. Na mwandiko wangu ni mkubwa, najua." Pimbi akasogeza uso karibu na jiwe. "Ila hapa pembeni naona nukta imebaki."

"Wapi?"

"Hapa. Mtu akipita anaweza kudhani ni maarifa."

Tembo akaitazama ile nukta. Kanuni ni kanuni. Fyaaa!

Maji ya wanyama wote yalikuwa na mgao. Maji ya kufutia hayakuwa nao, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuyaandikia kanuni. Wanyama wengine wakaanza kukonda. Watoto wa Pimbi wakaanza kunenepa. Manyoya yao yakang'aa, wakarudia kucheza na kupigana, na mama yao akawafulia hata nguo.

Zile nguo ndizo zilizoharibu mambo. Twiga alikuwa akipita, akaziona zimeanikwa juu ya Mwamba, mbichi. Akashusha shingo taratibu nyuma ya jiwe, akachungulia. Lo! Vibuyu vimejaa, watoto wamekinga vinywa, na Pimbi mwenyewe amekaa kitako, anapiga funda la maji baridi.

"Mwizi!" Twiga akapiga kelele. "Jamani, njooni! Pimbi ni mwizi!"

Nyati akaja mbio, vumbi nyuma yake, naye akaingiza kichwa kule nyuma, akaona. Wanyama wote wakakusanyika, wamekasirika, na midomo imewakauka. Pimbi akatoka na kusimama mbele yao.

"Pimbi," akasema Tembo, "umekunywa maji yetu?"

"Mimi, mzee? Mimi sinywi maji. Imeandikwa."

"Mwongo!" akanguruma Nyati. "Anakunywa! Nimemwona kwa macho yangu haya! Anakunywa yeye, anakunywa mkewe, wanakunywa na watoto!"

"Una hakika, Ndugu Nyati?"

"Hakika kabisa!"

"Nawe, Ndugu Twiga? Isije ikawa ulikuwa umelala."

"Naapa! Pimbi anakunywa, tena anakunywa sana!"

Pimbi akachukua mkaa, akamnyooshea Tembo kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Mzee, mashahidi wawili wamepatikana," akasema. "Na mwenyewe si mmoja wao."

Tembo akafikiri, masikio yanapepea polepole. Kama Pimbi hanywi maji, hajaiba kitu. Kama anakunywa, basi walimnyima haki yake tangu siku ya kwanza. Akajaribu kutafuta njia ya tatu, hakuiona. Mwishowe akaupokea ule mkaa, akafuta mstari wake, akaandika: *Pimbi hunywa maji.*

"Mzee," akasema Pimbi, "hayo si maneno yaleyale niliyoandika mimi?"

"Hapana," akajibu Tembo. "Yako yalikuwa maoni. Haya ni maarifa."

Pimbi hakubishana. Akachukua kibuyu, akamshika Tunu mkono, wakaenda kisimani mchana kweupe, kila mtu anawaona.

Nanyi wanangu, mkitaka kujua kama mtu ana kiu, mwulizeni mwenyewe kabla hamjawauliza majirani.