Kuti la Mtungi wa Udhu

Wametusimulia walimu wetu, Mwenyezi Mungu awarehemu, ya kwamba hapo kale, katika mji mdogo wa jangwani, aliishi mama mcha Mungu akiitwa Bi Lubaba. Alijaaliwa watoto watatu, wote wadogo: Juwairia wa miaka sita, Wathiki wa miaka mitatu, na Umaima aliyekuwa bado ananyonya. Mumewe alikuwa amekwenda mbali pamoja na ngamia wao akitafuta malisho, maana mwaka ule mvua ilikataa kabisa.

Bi Lubaba ndiye aliyekuwa mlinzi wa mtungi wa udhu. Mtungi huo ulizikwa mlangoni mwa msikiti mpaka shingoni ili maji yapoe, na desturi ya mji ilikuwa hivi: mlinzi akishaujaza, akahakikisha maji ni tohara, hufunga kuti bichi la mtende kwenye shingo yake. Bila kuti hakuna anayetia kata. Kuti likifungwa, huo ni ushahidi wake mbele ya Mola, na watu hutawadha bila kuuliza. Kazi hiyo aliirithi kwa mama mkwe wake, na wako walionung'unika. "Mwenye watoto wanaokojoa ovyo atajua nini tohara?" husema jirani yake Bi Atika, tena kwa sauti, makusudi asikie.

Basi Ijumaa moja alianza kuteka tangu jua kuchomoza. Kisima kinatoa nusu ndoo, ungoje, nusu nyingine, ungoje. Umaima mgongoni analia, Wathiki anamwandama nyuma, jua kali, njaa, na yeye anajaza tu, anajaza, mpaka mtungi ukafika juu na kisima kikabaki tope. Akafunga kuti, akasema alhamdulillahi, akakaa kivulini amnyonyeshe mtoto.

Kukaa tu! Akasikia sauti ya Wathiki nyuma yake, imejaa furaha: "Mama! Mama! Nami nimeongeza maji!"

Akageuka. Mtoto amesimama ukingoni mwa mtungi, kanzu ameikunja mpaka kifuani.

Maji hayafiki kullateni, kile kipimo cha maji mengi yasiyoharibiwa na tone, kwa hiyo tone moja la najisi limeyaharibu yote, na kisima kimekauka, na waumini hao wanakuja, anasikia viatu vyao, na Bi Atika huyo na shungi lake jeupe. Atasema nini? Watamvua kazi, watasema tulijua, tulijua tangu mwanzo. Akamshika mkono Juwairia, aliyekuwa kando yake na kuona yote, akamnong'oneza, "Nyamaza, mwanangu. Usimwambie mtu."

Binti akamtazama. "Ninyamaze mpaka lini, mama? Mpaka wamalize kuswali?"

Hakuuliza kwa ujeuri, alitaka kujua tu. Na kweli, mpaka lini? Tayari Sheikh Musaab, imamu wao, alikuwa ameinama kushika kata.

"Sheikh, usiguse!" Akakimbia, mtoto kifuani, akalifungua kuti mbele ya watu wote. "Maji yamenajisika. Mwanangu amekojoa humu, na mimi nilitaka kunyamaza. Nisameheni."

Kisha Bi Atika: "Si nilisema? Si nilisema mimi?"

Sheikh akauliza taratibu, "Nani alikuona, binti yangu?"

"Mwenyezi Mungu. Na huyu," akamwonyesha Juwairia.

"Na huyu mdogo, kwa nini alifanya vile?"

Wathiki akajibu mwenyewe, kifua mbele: "Namsaidia mama. Anachoka."

Sheikh alicheka mpaka ndevu zikatikisika. Akapiga viganja kwenye mchanga, akapaka uso na mikono, na watu wote wakatayamamu, maji yakaachiwa mbuzi. Kabla ya kuingia ndani akamgeukia Bi Atika. "Dada yangu, miaka thelathini natawadha kwenye mtungi huu. Leo ndiyo nimejua kwamba kuti lile lina mwenyewe, asiyelifunga kwa uongo." Kisha akaliokota kuti, akampa Juwairia. "Ijumaa ijayo, wewe ndiye utakayemfungia mama yako."

Ijumaa ikafika. Juwairia akafunga, ulimi nje, fundo likakaa upande upande. Bi Lubaba amesimama pembeni, Umaima mgongoni, na Wathiki amemfunga kiunoni mwake kwa mtandio, asije akasaidia tena. Wa kwanza kufika akawa Bi Atika. Akalitazama fundo, akamtazama mtoto. Akachota, akatawadha.

Na inasemekana siku hiyo Bi Lubaba aliswali huku huyu anamvuta shungi na yule amempanda mgongoni kwenye sijida, asijali kitu, kwa furaha ya mwanawe.

Basi mama wenzangu, tunaoswali namna hiyo kila siku, tusidhani hatuna ibada. Tunalea mashahidi. Mola atupe ujasiri wa kuwajibu wanapotuuliza, amina.